Majina Yenye Dada Alifuta mu Programe

Miye sikusoma. Shule ilinikimbia mbele nijue kuifukuza. Lakini miaka ya vita niliingia universite mara mingi kuliko ba-profesere, juu miye njo nilikuwa naleta esansi, mafuta ya mashini, na pikipiki, ya grupu ya umeme ya sale ya ordinatere, chumba ya kompyuta, pale Nyabiondo.

Nikisha kuwasha grupu, nilikuwa nakaa mule ndani, kando ya mulango. Ukungu ya Nyabiondo, weee! Iko nzito mupaka unaweza kuikunja na kuiweka mu kitunga. Ilikuwa inapita ku dirisha, inakaa ku kiti, sawa mwanafunzi mwenye alichelewa. Mashini ilikuwa inapumua polepole, mwangaza yake inaelea mule, na miye nilikuwa nasinzia macho wazi, najiambia labda mbinguni iko hivi, ila kule hakuna harufu ya esansi.

Mu ile sale kulikuwa dada moja, mwaka ya mwisho, mutoto ya balimaji ya maharage. Alikuwa anatengeneza programe ya kuambia mulimaji mbegu gani inafaa ku kilima gani. Hakuianza mu hewa. Alichukua programe ya bure, yenye batu ya mbali balitengeneza na kuiachia dunia nzima, akaibadilisha. Asista, kijana mwenye alikuwa anasimamia sale, alinielezea siku moja:

"Papa, hii ya bure iko na sheria yake. Unaweza kuichukua, kuigeuza, kuigawa. Lakini unaigawa matumbo wazi, kila mutu aone vile inatembea. Na majina ya bale balianza, na maneno ya ruhusa yao, inabaki mule ndani."

"Na nikiiondoa?"

"Basi hauna ruhusa ya kuigawa tena."

Sasa, muelewe vita ya kwetu. Ku bariere, pale basolda banafunga njia, jina njo ilikuwa inaleta matata. Basolda banafungua telefone: huyu ni nani, huyu ni wa kundi gani? Basi kila mutu, mbele afike, alikuwa anafuta majina. Ku telefone yangu bibi yangu alikuwa Sombe, baba-mukwe Ndizi, padri Chumvi. Ndizi akinipigia, nilikuwa nasikia njaa mbele nimujibu.

Risasi ikasogea. Tukafunga mashini mu mablangeti, tukaishusha Kirotshe, ku ziwa. Pikipiki yangu ilibeba mingi mupaka gurudumu ya mbele ilitembea angani njia yote.

Kule Kirotshe, siku kidogo mbele dada asimame mbele ya jiri, ba-profesere ba kumupima, kutetea kazi yake, asista akafungua ile programe. Akatafuta, akatafuta.

"Dada, majina iko wapi?"

"Nilifuta, kaka. Yote, na maneno ya ruhusa. Mbele ya bariere."

"Juu ya nini?"

"Kuna mule majina hata padri hawezi kutamka! Bangesema ni ya adui. Nilitaka kubalinda."

"Bale bako mbali na risasi. Lakini wewe unataka kugawia balimaji kazi ya bengine bila kusema ni ya bengine. Jiri haitaipokea."

Dada akakaa chini, ku simenti. Bazazi yake balikuwa mu kambi, nyumba yao iliungua. Ile diplome njo ilikuwa nyumba yenye ilibakia.

Antene ya Kirotshe ilikuwa imekufa, hakuna enternet ya kuitafutia. Kopi ya kwanza, yenye majina, ilikuwa Walikale, ku institut, shule kubwa yenye ilitupatiaka ile programe.

"Panda, dada," nikamuambia.

Ile safari, mupaka leo sijui kama niliifanya ao niliilota. Milima ya Masisi ilikuwa inaelea, ng'ombe banasimama mu ukungu bila miguu. Maharage inachanua meupe, na hakuna mutu ku shamba. Kisha pori ya Walikale, miti mirefu mupaka mvua ya mwaka yenye ilipita ilikuwa haijafika chini. Dada alilala ku mugongo yangu, anasema mu usingizi ile luga ya mashini, na ndege zilikuwa zinamujibu.

Kule mama moja mwenye analinda vitabu ku bibliotheke akatupatia kopi. Dada akarudisha majina yote mu ordinatere yake palepale.

Kurudia, bariere. Kamba mu njia, solda moja mwenye boti ya mvua ku miguu.

"Fungua mashini." Akainama, akasoma. "Haya majina ni ya nani? Kundi gani?"

Miye nikafungua kinywa: "Afande, hiyo ni kwaya ya..."

Dada akanifinya. Kidole yake ilikuwa ku butoni ya kufuta. Kisha akaiondoa.

"Ni batu benye balifanya hii kazi, afande, bakaiachia bure. Sheria inakataza kubafuta."

"Nani analinda hiyo sheria hapa?"

"Hapa? Ni miye tu."

Solda akamuangalia. Ukungu ikapita kati yao, polepole, kama mutu mukubwa.

"Na wewe uko wapi mule? Kumbe hauna kazi yenye ulifanya?"

Dada akaweka mashini ku magoti, akaandika jina yake, yote, chini ya ile ingine. Tangu aanze hakujiandika mule hata siku moja, juu ya woga.

Solda akasoma ile ya mwisho kwa sauti, herufi na herufi. "Hii njo najua kutamka," akasema. Akashusha kamba, tukapita.

Ku Kirotshe majina ilipanda ku ukuta, mu mwangaza ya mashini, mbele ya jiri, moja moja, ya kwake ya mwisho, na bakamupatia diplome. Mulimaji moja wa Nyabiondo, mwenye alikuja kusikiliza, akanyoosha flashi yake, kale kadude ka kubebea programe, akauliza kama anaweza kuipelekea kijiji yao.

"Peleka, Papa," dada akasema. "Lakini peleka yote."