Mkwe Nisiyemtazama

Nimechoka, na hasira bado ninayo. Baba mkwe aliposhikwa na tumbo, wanaume wote wa boma walikuwa mnadani. Nikampeleka hospitali mimi, mtoto mgongoni. Daktari, mgeni kutoka pwani, akasema utumbo umejisokota, apasuliwe leo leo, ila kwanza ajue kama mzee ana nguvu za kustahimili kisu. Mzee alikuwa akigumia tu kitandani, basi akaniuliza mimi.

"Anakula vizuri?"

"Sijawahi kumwona akila."

"Anaoga mwenyewe?"

"Daktari! Mimi nitajuaje?"

"Kutembea je?"

"Akipita njiani, mimi huingia shambani nikageuza uso."

Kwetu Kisii, mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Nilijiona nina adabu kweli. Kumbe daktari anaandika: hawezi kula, hawezi kuoga, hawezi kutembea.

"Pole, mama. Ni dhaifu mno. Kisu kitamuua."

Mzee akainuka kitandani, ameshika tumbo. "Dhaifu nani? Juzi nimebeba mkungu wa ndizi begani mpaka sokoni Marani!"

Wodi nzima ikacheka. Daktari akachana karatasi, akaita machela. Na mzee, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanitazama usoni.

"Daktari," akasema, "eti huyu ndiye aliyesoma sekondari bomani kwetu."