Maji ya Chumvi

Kila nikivua raba baada ya kukimbia, harufu ile ya mpira na jasho hunirudisha uani kwetu, Newala.

Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kumwagwa sokoni, na mama akaninunulia raba kwa ajili ya mashindano ya shule. Zilinibana. Siku moja kabla ya mashindano nilirudi kutoka mazoezini nachechemea, visigino vimejaa malengelenge, moja limepasuka.

"Haya mengine usiyatumbue, mwanangu. Yatanywea yenyewe."

Mama alikuwa ametua ndoo muda ule ule. Kwetu kule juu, maji yalifuatwa bondeni, ukapanda nayo mlima mzima kichwani. Akapasha kidogo, akayamimina kwenye karai, akatia chumvi, nikaloweka miguu. Nililia yaliponichoma, naye akanipuliza miguu mpaka nikanyamaza.

Nilipomaliza, nikainua karai nikamwage.

"Hebu liache kwanza."

Akavua kandambili, akatumbukiza miguu yake kwenye maji yangu yaliyokwishapoa. Alipoitoa ndipo nikaziona nyayo zake: ngozi imechunika, nyama nyekundu.

"Kesho ukimbie vizuri," akasema.

Nikapiga magoti, nikazipuliza. Mama akageuza uso.