Kuna Mwenzetu Mmoja

Tangu amzae Imani, kwa uchungu uliolala na kuamka naye, Kibibi wa Kitomanga alikuwa akitokwa na mkojo bila hiari, akikaa, akisimama, hata akiinama kuokota korosho. Alijifunga kanga juu ya kanga, na alfajiri alizifua kabla mumewe, Amiri, hajaamka.

Kwenye kundi la wasap la akina mama wa kijiji alikuwamo nesi wa zahanati, Stella. Kibibi akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma: "Jamani, kuna mwenzetu mmoja, tangu ajifungue mkojo haushiki. Afanyeje?"

Nesi hakuwa hewani. Waliokuwa hewani ni wenye midomo.

"Nani huyo?" akauliza Salima. "Tumjue tumwombee dua."

"Dua au umbea?" akadakia mwingine.

"Mie simtaji mtu. Ila yupo aliyejifungua masika, siku hizi ukimwita shughulini, kichwa kinamuuma."

"Wa ng'ambo ya kisima?"

"Umesema wewe!"

Kibibi akayasoma mara mbili. Ng'ambo ya kisima anakaa Genoveva, naye alijifungua masika, tena ndiye aliyemnyonyeshea Imani siku zile yeye yu hoi. Alitaka kuandika "siye." Lakini ukisema siye, utaulizwa ni nani. Akaificha simu chini ya mto, akaitoa, akairudisha.

Kesho yake kulikuwa na arobaini kwa kina Idd. Akina mama wamekaa mkekani, miguu wamenyoosha, wanachambua mchele. Genoveva akaja, akabisha hodi, akakaa. Salima akavuta ungo wake. Wa pili naye akasogea. Mara Genoveva kabaki na upande mzima wa mkeka, kama mgeni wa heshima. Mmoja akaziba pua kwa upindo wa kanga. Genoveva hana simu, hajui lolote. Akajinusa kwapa kwa siri, akacheka kicheko kisicho na pa kushika.

Kibibi alikuwa karibu na mlango wa uani, Imani mgongoni, mahali pake pa siku zote, awahi kukimbia. Anakaa, anainuka, anakaa. Mwisho akatoa simu, akarekodi ujumbe wa sauti kundini, mbele yao:

"Yule mwenzetu ni mimi, mama Imani. Mkojo unanivuja mimi, siyo Genoveva. Nesi Stella, nisaidie."

Simu zikalia mkekani huku na huku. Hakuna aliyeitazama yake; walikwisha kumsikia.

Kibibi akaenda akakaa kwenye ile nafasi tupu, na kanga zake mbichi.

"Kumbe ndiyo maana wamenikimbia?" Genoveva akauliza.

"Ndiyo, dada. Nilizungusha maneno, yakakuangukia wewe."

Genoveva akamsukumia ungo. "Chambua. Na mtoto nipe, anataka ziwa."

Sauti ya nesi ikaingia: "Kibibi, njoo kesho nikuandikie rufaa ya hospitali ya Lindi. Ugonjwa huo unatibika. Mbona umekaa kimya siku zote hizi?"

Hajajibu, simu ikaita. Amiri. Salima akainua shingo. Kibibi akatazama mlango wa uani, asiende.

"Baba Imani," akasema palepale mkekani, "nina jambo. Nisikilize mpaka mwisho."