Mke Mwenza Mwenye Masharubu

Mume wangu aliporudi kutoka vita vya Burma, watu wa Mabira walimpokea kwa vigelegele toka njia panda hadi mlangoni, na mimi nilikuwa mbele yao wote, nimejipaka samli mpaka nang'aa. Alinisalimu kwa kuinamisha kichwa tu, kama mtu anavyomsalimu karani. Nyuma yake alikuja mwanamume mwingine, mwembamba, mwenye masharubu yaliyopunguzwa kwa makasi, amebeba mizigo ya wote wawili. Mume wangu aligeuka akamwambia, "Tumefika." Hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema nyumbani kwetu baada ya miaka yote ile, na halikuwa langu.

Lazima nieleze mtu niliyempeleka vitani, maana aliyerudi hakufanana naye. Yule wa kwanza alikuwa na mdomo. Alinipata kwa mdomo; baba yangu alikuwa amekwisha kunitengea mfanyabiashara wa Bukoba mwenye baiskeli, na huyu wangu hakuwa na chochote ila maneno. Alikuwa akisimama nje ya kibanja chetu cha migomba akisimulia upuuzi mpaka mama anaacha kumenya ndizi ili asikilize vizuri. Tulioana, na kabla hatujajaliwa mtoto akaandikishwa jeshini akaenda.

Huko waligundua kwamba ana jicho. Siku hizi watu wa aina yake wanaitwa wadunguaji, lakini sisi tulisema tu mpiga shabaha. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja analala kifudifudi na bunduki, mwingine analala ubavuni pake na darubini, anamnong'oneza kilicho mbele: mti ule, upande wa kushoto, kuna mtu, ngoja. Wanalala hivyo kutwa nzima kwenye matope bila kukohoa. Mwenye bunduki alikuwa mume wangu. Mwenye darubini alikuwa huyo wa masharubu, mtu wa Isingiro. Kwa hiyo wakati mimi nilikuwa nalala peke yangu na kumwomba Mungu, yeye alikuwa amelala naye bega kwa bega. Nilimwita mke mwenzangu tangu siku ile ya kwanza, na sikuwa natania sana.

Mukama, mfalme wetu, alimchinjia fahali. Kikale, ua wake wa kifalme, kilijaa watu, na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja na gari toka Bukoba akambandika mume wangu nishani kifuani. Nishani ilikuwa moja tu. Yule wa Isingiro alisimama katikati ya watu wengine na kofia yake mkononi, na mimi nikasema moyoni, vizuri sana, serikali nayo ina macho.

Furaha yangu haikufika hata kwenye nyama. Kwetu, shujaa akirudi anashika mkuki mbele ya mukama na kujigamba: mimi niliyefanya hivi, mimi niliyepita pale. Watu walikuwa wamelingoja jambo hilo kuliko hata fahali. Mume wangu alipewa mkuki, akasimama. Mdomo haukufunguka. Watu wakaanza kukohoa. Baba mkwe akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Ndipo yule mtu wa Isingiro akatoka katikati ya watu, akasimama ubavuni pake, karibu sana, na akajigamba kwa niaba yake toka mwanzo hadi mwisho. Alisema mito waliyovuka na mvua iliyowanyeshea, kwa sauti nzuri, na kila aliposema "mimi" alimwelekezea mkono mume wangu. Wazee walipiga makofi. Wanawake waliokuwa karibu nami walisema, kweli huyo ndiye rafiki. Mimi nilikuwa nasaga meno. Ulimi uliopaswa kuwa nyumbani kwangu niliuona kwenye kinywa cha mtu mwingine, tena mbele ya wilaya nzima.

Baada ya siku hiyo kila mtu alimtaka. Mtu wa Kimuli alikuja kuomba amwulie chui aliyekuwa anamaliza mbuzi wake. Mume wangu alimjibu kwamba hana bunduki. Mukama akatuma bunduki. Akairudisha siku hiyohiyo, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Wakaja wengine kwa ajili ya nguruwe pori, nao wakarudi mikono mitupu. Basi sifa zikaanza kupoa kama uji. Waliompigia vigelegele wakaanza kunong'ona kwamba mizimu ya Wajapani imemfuata. Mwinjilisti alimwombea. Mganga wa zahanati alimpa kwinini, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Mama mkwe alinitazama tumboni, akaguna.

Na mume wangu alikaa tu. Kila asubuhi alitoka akaketi mwisho wa kibanja, pale migomba inapoishia na nyika wazi tunayoiita rweya inapoanza, akatazama kilima cha ng'ambo. Chakula nilimpelekea, akakila akitazama kilima. Nilimsemesha, akajibu "ndiyo" au "hapana" akitazama kilima. Usiku alinigeuzia mgongo. Sikuwa naomba makubwa. Nilitaka anitazame usoni aniambie sentensi moja nzima, hata ya matusi.

Lakini alipokuja yule wa Isingiro, maneno yalipatikana. Alikuwa akija mara kwa mara, kwa miguu, na kulala kwetu siku nyingi. Waliketi bega kwa bega kwenye mpaka ule wa migomba, hawatazamani, wote wanatazama mbele, na mume wangu ananong'ona. Ananong'ona bila kukoma! Mimi nikisogea na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, wananyamaza wote wawili kama watoto waliokutwa na asali.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimpa siku ya pili. Nilidhani atajisikia vibaya. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, shemeji," akapalilia migomba ya nyuma yote, akakata majani makavu, akatandaza nyasi vizuri kuliko nilivyowahi kufanya. Mama mkwe alizunguka kibanja akimsifu, akauliza kwa sauti, ili nisikie, kama huko Isingiro wanawake nao wanalima hivyo. Wanasema pia kwamba wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda. Mimi sikukonda. Wivu ulinipa nguvu ya kutwanga, ya kulima, ya kubeba maji mara mbili ya wenzangu, na kila kilichokuwa chini ya mchi wangu kilikuwa na masharubu.

Kisha baba mkwe akatangaza kwamba hawa wawili watachanjiana, wawe ndugu wa damu. Ndugu wa kuchanjia si mgeni tena. Anaingia bila hodi, na huwezi kumnyima chakula wala kitanda mpaka kufa. Nilikimbilia dini. Nilimwambia baba mkwe kwamba mambo ya damu ni ya kishenzi na kanisa halitakubali. Siku hiyo nilikuwa Mlutheri kuliko mchungaji. Akanijibu kwamba mchungaji mwenyewe ana ndugu wa kuchanjia wawili, na kwamba niende nikachume kahawa.

Kahawa ndiyo kiapo chenyewe. Tunda moja lina punje mbili zilizolala pamoja, kifua kwa kifua. Kila mmoja anajichanja kidogo chini ya kitovu, anapaka punje yake damu, mwenzake anaimeza. Ndiyo sababu linatakiwa tunda moja, si mawili. Sasa, aliyekulia kwenye kahawa anajua kwamba kuna matunda yenye punje moja tu. Ni madogo, ya mviringo, mara nyingi huwa kwenye ncha ya tawi, na vidole vikizoea vinayatambua. Nilizunguka miti mingi sana asubuhi ile. Nililipata nililolitaka, nikaliweka kwenye kitambaa safi, nikalipeleka kwa adabu zote. Sijawahi kulijutia tunda lile.

Baba mkwe aliliminya mbele ya wazee. Ikatoka punje moja, duara kama jicho la kuku. Akaminya ganda tena, halikuwa na kitu. Mzee mmoja alisema, "Leo imekataa," akachukua fimbo yake. Wengine wakamfuata bila hata kumaliza lubisi. Mume wangu aliinama akaiokota ile punje, akaigeuza kiganjani, kisha akatazama vidole vyangu vilivyokuwa vyekundu kwa maji ya matunda mengi niliyoyajaribu. Jicho lile halikukosa kitu. Vidole alivitazama, uso hakuutazama. Akatoka akaenda kwenye mpaka wake.

Nilibaki na mke mwenzangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno ya miezi mingi. Yeye alianza kucheka kimyakimya.

"Shemeji," akasema, "aliniambia una kichwa kigumu. Kwamba siku ya harusi ulikataa kulia kama bibi harusi, mpaka shangazi yako akakufinya paja, na wewe ukamfinya pia."

Hilo tulilijua watu watatu tu. "Alikuambia lini?"

"Kule. Kila siku. Najua unavyoimba ukichambua maharage, najua wimbo wenyewe. Najua una kovu gotini, uniwie radhi. Tulikatazwa kukohoa, lakini habari zako alininong'oneza kutwa. Hata hapa, unafikiri tunasema nini?"

"Na kwa nini haniambii mimi?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Ni maneno yangu hayo! Kwa nini uwe nayo wewe?"

Akaacha kucheka. Alizungusha kofia yake mikononi, kisha akanieleza. Kulikuwa na Mjapani mmoja aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kioo kidogo alichokitundika mtini. Wao walikuwa wanamngoja mkubwa wake ajitokeze, kwa hiyo walimwacha, na asubuhi baada ya asubuhi mume wangu alimtazama kwa darubini ya bunduki akinyoa. Alijua anavyovuta shavu. Alijua anapojikata anavyojicheka. Alifika mahali akawa anamngoja aamke. Mkubwa hakutokea, ikaja amri kwamba basi, apigwe huyohuyo.

"Tangu siku ile," akasema, "hawezi kumtazama kwa kituo mtu anayempenda. Mikono inamtetemeka. Anasema akimtazama mtu sana, anamwua. Mimi ananitazama vizuri tu, shemeji. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Mwanamke mwenye moyo mzuri angelia kwa ajili ya mumewe, na kwa ajili ya yule mtoto wa watu na kioo chake. Mimi nililia baadaye, miaka baadaye, na bado kuna siku nalia. Lakini pale pale, nikiwa nimeketi na mabaki ya lubisi ya wazee, nilichohisi ni wivu mkali kuliko wote niliowahi kuuhisi. Nilimwonea wivu maiti. Mtu yule alitazamwa kila asubuhi, kila unywele wa kidevu chake, na mume wangu, wakati mimi sijatazamwa hata muda wa maji kuchemka.

Siku ya pili nilichukua jembe langu nikashuka bondeni, nikapanda kilima cha ng'ambo. Mama mkwe alinifokea kwamba udongo wa kule ni changarawe, haufai kitu. Nikamwambia unafaa njugumawe. Nilichagua mahali palipo wazi kabisa, pasipo hata kichaka, mbele ya macho ya mume wangu, nikaanza kulima.

Nilipoinua kichwa niliona wako wawili kwenye mpaka wa migomba. Mume wangu alisimama mara moja akaingia ndani. Siku iliyofuata hivyohivyo: ananiona, anaingia ndani, kisha anatoka, anaingia tena. Niliendelea. Mikono iliota malengelenge, na njugumawe zilikuwa bado ni kisingizio tu. Halafu ikaja asubuhi moja ambapo hakusimama. Aliyesimama ni yule wa Isingiro. Niliona anavaa kofia yake, anamgusa mwenzake begani, anashika njia ya kwao bila kugeuka nyuma. Mume wangu alibaki peke yake, na hakukuwa na kitu kingine cha kutazama kilima kizima ila mimi.

Nililima. Nilivuta magugu, nikajifuta jasho, nikafunga upya kitambaa cha kichwa, nikaimba ule wimbo wa maharage kwa sauti ya kufika bondeni. Nilijua anatazama, mgongo unajua. Jua lilipokuwa limepanda vizuri nilisikia nyasi zinasuguana, na pumzi ya mtu aliyepanda kilima kwa mbio.

"Ondoka hapo," akasema. Alikuwa anatetemeka mikono yote miwili. "Mahali hapa pako wazi mno. Mtu akiwa pale kwenye migomba anakuona toka asubuhi mpaka jioni, huna pa kujificha."

Ilikuwa sentensi nzima. Zilikuwa kadhaa. Na macho yake yalikuwa usoni pangu.

"Nani ananiona?" nikamwuliza.

"Mimi."

"Basi nitazame mpaka uchoke," nikamwambia. "Mimi siendi kokote."