Mwenye Duka Anaoa

Ule mchezo wa redio ulikatwa bila hata kwaheri. Jumapili moja tulikaa jikoni tukiungoja, akatokea mtu anauza dawa ya kupe, na Jumapili iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Tulikuwa tumemwacha mwenye duka, yule mjane asiye na mtoto, amesimama mlangoni mwa duka lake huku mashemeji wamekuja na kufuli yao. Walifunga? Hawakufunga? Hakuna aliyetuambia, hakuna aliyesema pole, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Ukimwanzishia mtu hadithi, mmalizie.

Kwa hiyo miaka mingi baadaye nikaanza kuumalizia mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima tayari, nafuma sweta za shule kwa mashine katika kibanda changu mjini Embu na kulala mtaa wa Majimbo. Kila Jumamosi niliandika sehemu moja kwenye simu na kuituma kwenye grupu la watu waliokuwa wakiupenda mchezo ule. Mwanzo tulikuwa wachache. Kisha watu wakaleta dada zao, na dada zao wakaleta majirani, tukapata wauza muguka, yale majani ya kutafuna, wauguzi, mama mmoja aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni, na vijana ambao mchezo ulipokatwa walikuwa hawajazaliwa. Mashemeji niliwafukuza kwa sehemu mbili nzima. Kufuli yao niliitupa mtoni. Watu walifurahi mpaka mmoja akanitumia salio la simu.

Halafu wakaanza. "Sasa huyu mama atazaa lini?" Mmoja aliuliza, wengine wakadakia, ikawa ndiyo salamu ya kila Jumamosi. Nikiandika mwenye duka amefungua tawi la pili sokoni, wanauliza atazaa lini. Nikiandika amemshinda diwani kortini, wanauliza atazaa lini. Mwanamke wa watu ana duka, ana ng'ombe, ana akili kuliko kijiji kizima, lakini kwao alikuwa tumbo tupu linalotembea. Nami sina mume wala mtoto, na wote walijua, kwa hiyo wasiniambie walikuwa wanamsema yeye tu.

Na ushauri wao! Azae na dereva wa lori la soda. Amnyang'anye jirani mume. Aende kwa mganga. Mwingine, mama wa maombi, alitaka mkesha mmoja na mapacha. Kwenye grupu zima hakuna aliyeona haya.

Mimi nilijua jibu, na ndilo lililonisumbua. Upande wetu wa chini, kule Mbeere kwenye ndengu na mbuzi, mwanamke kama mwenye duka alikuwa na njia yake. Alioa. Alipeleka mbuzi na pombe ya asali kwa wazazi wa msichana, wazee wakaketi, wakanywa, na msichana akaja kwenye boma la yule mama akiwa mke wa boma. Watoto aliwazaa na mwanamume aliyempenda mwenyewe, na huyo mwanamume hakuwa na neno pale. Watoto walikuwa wa boma. Walipewa majina ya boma, wakarithi shamba la boma, na hakuna aliyewaita wa haramu.

Hayo sikuyasoma mahali. Nilizaliwa hivyo. Mama mzee aliyepeleka mbuzi tulimwita cucu, kama watoto wengine wanavyowaita nyanya zao, lakini boma lilikuwa lake na sisi tulikuwa wake. Jina langu ni la mama mkwe wake, vile binti wa kwanza anavyopewa jina la mama wa baba, na kwa hesabu ya boma baba yetu alikuwa marehemu mume wa cucu. Cucu alikufa nikiwa mdogo sana. Namkumbuka kwa ugoro wake na kwa jinsi alivyonipakata akipigizana kelele na watu.

Sasa pima mwenyewe. Cucu hayupo, lakini mama yangu yupo, na mama yangu ni mtu wa kanisa. Alipotaka kujiunga na umoja wa akina mama, miaka ile, walimwambia alete mume, au awaonyeshe kaburi la mume. Akawapeleka kwenye kaburi la cucu. Walicheka hapo hapo, mbele ya kaburi. Tangu hapo alikaa viti vya nyuma, akifagia kanisa na kupika chai ya wageni, lakini kitambaa cha umoja hakupewa, mpaka alipokuja mchungaji mpya ambaye hakuuliza mtu habari ya waume. Mama yangu akafunga kitambaa kichwani akiwa na mvi tayari, akaketi mbele na wenzake. Na mwenyekiti wa umoja huo, yule yule aliyecheka kaburini, alikuwa kwenye grupu langu, anasoma kila Jumamosi na kunitumia mikono ya sala.

Kwa hiyo nikiandika mwenye duka anaoa, huyo mama angejua mara moja ni boma gani. Nami ningekuwa nimemtoa mama yangu kitini kwa sababu ya mtu wa kubuni. Niliandika sehemu hiyo hata hivyo, nikaiweka bila kuituma.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu kutoka Githongo, aliyekuwa akinisomea sehemu kabla sijazituma. Alikuja likizo kuchukua sweta za wanafunzi wake, nikampa kikombe cha chai na simu. Alisoma akitabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Hii hapana," akasema.

"Hapana nini, mwalimu?"

"Hii ni mambo ya kitambo. Watu wameokoka. Na hawa vijana wa grupu, unajua watasema nini? Watasema mwenye duka ni wale."

"Wale gani?"

"Wale. Usinifanye niseme nikiwa na chai kwa mdomo."

Damu ilinipanda. Mtu amesoma mpaka chuo, anafundisha watoto wa watu, na akisikia mwanamke ameoa, kichwa chake kinakimbilia kitandani na kukwama huko. Boma halioni, shamba halioni, wazee walioketi hawaoni. Na vijana nao ni hivyo hivyo, wanajua kila kitu cha ng'ambo, na cha nyumbani kwao ni kigeni.

"Wewe ndiye ulitaka nimpe dereva wa lori," nikamwambia. "Mume wa mtu! Ukasema itakuwa tamu."

"Hiyo ni dhambi ya kawaida," akajibu, wala hakucheka.

Nikamwambia basi kwamba hivyo ndivyo nilivyozaliwa. Akaweka kikombe chini, akanishika mkono, akasema, "Pole, dada."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu. Ile pole iliniuma siku nyingi, kwa sababu niliona kwamba siku yoyote ambayo ningemwambia ukweli, ningepata hiyo hiyo. Alichukua sweta zake akaenda, na mimi nikafunga kibanda mapema nikapanda gari la kwenda kwetu.

Nilimkuta mama uani anapepeta ndengu. Sikumwambia nilichokuja kufanya. Nilimwambia tu kwamba mwenye duka ana mambo mapya, na akafurahi, kwa maana mchezo ule tuliusikiliza naye, na nilikuwa na desturi ya kumsomea kila nikija. Nikasoma. Mwenye duka amechoka na upweke. Anasikia kuna nyumba yenye njaa ng'ambo ya kilima. Anapeleka mbuzi. Msichana wa nyumba ile anatolewa nje, analia, anafunga kanga yake, anamfuata mwenye duka njia nzima bila neno.

Mama aliacha kupepeta. Nilidhani ndiyo hiyo, amewaza kanisa. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajasema.

"Huyu msichana ni bubu?" akauliza.

"Bubu?"

"Haongei. Analia tu akifuata mbuzi. Nani alikuambia mimi nililia?"

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Aliutupa uteo, ndengu zikamwagika, kuku wakaja, na hakuwafukuza. Alisema kwamba amechoka. Kanisani wanamsema kana kwamba alinunuliwa sokoni. Watu wa ukoo wanamsema kana kwamba cucu alimwonea huruma. Na sasa mtoto wake mwenyewe, aliyemsomesha, anamwandika kama mzigo.

"Baba yangu alikuwa amenipeana kwa mzee mwenye bibi watatu," akasema. "Fimbo yake ilijulikana mpaka sokoni. Mimi nilikuwa nachota maji na cucu yenu. Nikaona hiyo boma haina mtu wa kupigwa. Nikamwendea mwenyewe, nikamwambia, mama, unioe."

"Wewe ndiye ulimwambia?"

"Mimi. Yeye aliogopa. Akasema watu watasema. Nikamwambia wameshasema, wewe lete mbuzi. Alizileta akitetemeka. Siku hiyo aliyelia ni yeye."

Miaka yote nimejidai natetea boma letu, na hadithi yenyewe nilikuwa nayo nusu. Nilimpa cucu akili, uchungu na ujasiri, na mama yangu nikampa machozi. Hata mwalimu wa Githongo na dhambi zake za kawaida hakuwa amemkosea mama yangu kiasi hicho.

"Na kanisa, mami?" nikauliza. "Mwenyekiti wenu anasoma. Watakunyang'anya kiti."

"Kiti chenyewe ni cha plastiki," akasema.

Lakini mkono wake ulikwenda kichwani, ukakishika kile kitambaa, na ukakaa pale. Si kweli kwamba hakujali. Alikuwa amekingoja kitambaa kile tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nikamwambia naweza kuiacha, mwenye duka anaweza kukaa bila mtoto, haitamdhuru mtu. Alianza kuokota ndengu zilizobaki, moja moja, bila kunitazama.

"Uiache ili wafurahi?" akasema. "Andika. Lakini mimi niongee."

Basi nikaandika upya nikiwa pale pale uani, naye akinikatiza. Hapana, haikuwa asubuhi. Hapana, cucu hakuwa na viatu siku hiyo. Msichana wa hadithi akapata mdomo, na kusema kweli akapata mdomo mrefu, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiniambia la kuandika. Nilituma Jumamosi iliyofuata.

Grupu likawaka moto. Vijana walifanya mzaha wao, ule ule aliousema mwalimu, nami nikawajibu mmoja mmoja kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Wa maombi akataka mapacha wake. Yule mama wa Uarabuni akaandika kwamba hata kwao nyanya yake alioa, na kwamba alikuwa hajalisema hilo kwa mtu. Mwalimu wa Githongo alisoma na hakusema kitu, wala hakutoka. Mwenyekiti wa umoja aliandika kwamba damu ya Yesu itufunike, kisha akajitoa, na wengine wa kanisa lile wakamfuata kama mbuzi wanaofuata kengele.

Jumapili alasiri nilimpigia mama simu. Nilijua alikuwa ameenda kanisani. Mama yangu hajawahi kukosa.

"Walikuambia nini?"

"Hawakuniambia kitu. Nilikaa kwa viti vitatu."

"Vitatu vipi?"

"Changu, na cha huku, na cha huku. Hakuna mtu alitaka kukalia."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia nitakwenda kule Jumapili ijayo, nisimame mbele ya madhabahu, niwaulize ni nani kati yao aliyeolewa kwa kutaka kwake. Nilimwambia nitaifuta ile sehemu, niandike kwamba ilikuwa ndoto ya mwenye duka. Aliniacha nikapiga kelele mpaka nikachoka.

"Usifute," akasema. "Wameshasoma. Huyo mwenye duka, atakufa lini?"

"Sijui, mami. Sijafika huko."

"Basi usifike haraka." Nilimsikia akivuta pumzi. "Wangu alienda kabla hamjaanza shule, na kuna mambo mengi sikuwa nimemwambia. Hao waache wazeeke pamoja."