Namba Kumi na Moja ya Baba Mkwe

Jamani, mimi kuaibika nimezoea. Nimewahi kuteleza gatini Kigoma mbele ya abiria wote wa boti la Mwamgongo nikatoka majini na kiatu kimoja, lakini aibu ya posa ya Ujiji imezifunika zote, na mpaka leo soko la mawese nalipita upande wa pili wa barabara (na bado wananiona, wana macho wale).

Nafundisha chuo kimoja hapa mjini, nisikitaje, kina shida zake za kutosha. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu ubora wa mawese, nimewahoji wakamuaji na wauzaji, na jarida moja la Dar likaikubali, ila mhariri akairudisha na sharti: marejeo yote yawe kwa namba. Yaani katikati ya habari hutaji aliyesema, unaweka namba tu, halafu mwisho wa makala unapanga majina kwa alfabeti, kila jina na namba yake. Zaituni, mchumba wangu (sekretari, kompyuta anaijua kuliko mimi na hachoki kunikumbusha), akaniambia, "Kuna programu inapanga yenyewe, ukitoa namba moja zingine zote zinajirekebisha. Nikuwekee?" Nikamwambia aniache bwana, msomi mzima nishindwe kuhesabu mpaka kumi na mbili? Nikazichapa za ndani kwa mkono, orodha ya mwisho tu ndiyo kompyuta iliyojihesabia.

Asubuhi ya posa, kanzu iko mwilini, nikapitia makala mara ya mwisho nikagundua mzee mmoja wa Ilagala nimemwandika mara mbili, wa tatu yeye, wa nne yeye. Nikamfuta wa nne. Orodha ya mwisho kompyuta ikaipanga upya, ikaishia kumi na moja, safi kabisa, nikachapisha nakala moja ya kwenda nayo. Namba za ndani ya makala, zile za mkono, sikugusa hata moja. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Baba mdogo Hamisi, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, aliuliza njiani, "Posa inakwenda na barua, haya makaratasi ya chuo ya nini?" Nikamwambia tulia, baba yake Zaituni, Alhaji Ramadhani Zuberi, muuza mawese anayeheshimika Ujiji nzima, nilimhoji na yumo humu, akiona jina lake kwenye jarida moyo utalainika wenyewe. (Kiherehere hakina dawa.)

Tukapokewa vizuri mno. Wazee mkekani, kinamama mlango wa uani, na mzee Sadiki naye yupo, jirani wa Alhaji na mshindani wake sokoni, kaalikwa kwa ujirani tu. Barua ikasomwa, baba mdogo akamwaga maneno, Alhaji anatabasamu, mambo yameiva, si nikatoa makaratasi yangu! Shangazi Mwajuma, dada yake Alhaji, mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya ziwa, akayanyakua. Nami nikajitia ualimu: "Shangazi, ukikuta namba, fuata namba hiyo huku nyuma, huyo ndiye aliyesema."

Akafungua katikati, akasoma. "Mafuta yakipungua naongezea maji ya moto, mteja wa mbali atajulia wapi? Kumi na moja." Akalamba kidole, akafunua mpaka mwisho. "Kumi na moja... Zuberi, R., mfanyabiashara wa mawese, Ujiji."

Wazee wote mkekani wakamgeukia Alhaji.

"R si ndiyo Ramadhani?" akauliza shangazi. "Na Alhaji mmeitupa wapi?"

"Jarida halitaki vyeo, shangazi."

"Mtu kaenda Maka kwa nauli yake, jarida linamvua?"

Mzee Sadiki akatikisa kichwa polepole, akasema, "Nilikuwa najiuliza yale madumu yanajaaje haraka hivyo," na kule uani mtu akaangusha sufuria. Nikaruka: "Hapana! Hayo ni ya mkamuaji wa Simbo, anaitwa Yohana, ya Alhaji ni namba kumi na mbili, soma uone!" Shangazi akatafuta, akasoma: "Mafuta ya kweli hayapigi kelele kikaangoni, kwa sababu hayana maji. Kumi na mbili." Watu wakapumua. Akafunua nyuma, akaangalia, akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Kumi na mbili haipo."

"Haipo?" akauliza Alhaji.

"Imeishia kwako."

Kinamama wakacheka mpaka wakashikana. Baba mdogo akawa anaukagua mkeka kama kadondosha sindano. Alhaji hakucheka. Akakunja barua ya posa, akamrudishia baba mdogo mkononi, akaniambia, "Kijana, sikuwa na neno nawe mpaka leo. Umekuja kuniomba binti, ukaniacha mwizi ndani ya nyumba yangu, tena kwa maandishi, na mbele ya Sadiki. Unadhani hili litalala humu? Kesho asubuhi njoo sokoni, simama kwenye madumu yangu uwaeleze watu. Ukishindwa, Zaituni msahau."

Basi nikaenda, barua ya posa mfukoni. Ndugu zangu, mmeshawahi kuwaeleza wauza mawese wa Ujiji marejeo kwa namba, saa ya biashara, na habari imeshafika kabla yenu? Nilieleza nikaeleza, wa tatu, wa nne, nikafuta, zikasogea. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu hujui kuhesabu?" Nikasema ni hivyo, mama. Mwingine: "Na huyo wa maji ni nani?" Nikajibu bila kufikiri, "Wa Simbo huyo!" Kumbe nusu ya waliosimama pale wametoka Simbo. Yebabawe! Simbo nani? Simbo yote inatia maji? Mtu akanishika kanzu (nilivaa ileile, nilidhani itanipa heshima).

Hapo nikamwona Zaituni anapenya katikati ya watu na jiko la mkaa na kikaango. Hakunitazama. Akaweka jiko chini, akachota mafuta kwenye dumu la baba yake, akamimina, akasema, "Nyamazeni msikilize." Watu wakainama. Mafuta yakapata moto yakatulia tuli, hata tone halikuruka. Mama wa Simbo naye akaleta yake kwa hasira, yakatulia vilevile, akashangilia, na Sadiki alipoambiwa alete ya kwake akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Ndipo Zaituni akanigeukia mbele ya soko zima. "Nikuwekee programu, nisikuwekee?"

"Niwekee, mama."

Alhaji akacheka, mara ya kwanza tangu jana yake, akaninyooshea mkono kutaka ile barua ya posa.

Nimekoma. Sichapi tena namba kwa mkono, hata za maswali ya mtihani. Ila kukoma kwangu hakukunisaidia, maana siku ya ndoa sheikh aliponiuliza kama mashahidi wote wawili wapo, kabla sijafungua mdomo, sauti ya Shangazi Mwajuma ikatoka nyuma ya pazia: "Jamani, asihesabu yeye!"