Komeo la Wanu

Nyumba tuliyokaa Kiponda ilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kuelekea njiani, na mlango huo haukuwa na ufunguo. Zamani ulifungwa kwa ndani, kwa komeo zito la mbao, na aliyechelewa kurudi alibisha mpaka mtu ashuke kumfungulia. Mimi nilipanga chumba cha juu, nikisomesha skuli. Chini alikaa Wanu binti Shaame, mshona kofia, na tangu mwaka 1964 yeye ndiye aliyekataa komeo lishushwe.

Mumewe, Mabrouk, niliyemwahi kwa miezi michache tu, alitoka mwaka ule baada ya sala ya alasiri kwenda kununua uzi. Hakurudi. Hakuna aliyesema kamwona maiti, na hakuna aliyesema kamwona hai, na siku zile watu hawakuulizana sana. Wanu alikitoa kitanda chumbani akakiweka ukumbini, karibu na mlango.

"Akija akakuta pamefungwa," aliniambia, "atadhani tushamkatia tamaa."

Miaka ikapita hivyo. Mimi juu nililala nimeegemeza kiti kwenye mlango wa chumba changu. Upepo ukisukuma ule mlango wa chini ukalia, nilibana pumzi nikasikiliza kama ni upepo kweli.

Mjaka, kaka yake Mabrouk, alifanya kazi shambani Kizimbani. Kila Jumamosi alikuja na ndizi au muhogo, akaketi barazani, na maneno yakawa yale yale.

"Shemeji, mlango wa mwanamke hauachwi wazi katika mji huu."

"Nshaambiwa."

"Na mama je? Kule Mkokotoni hainuki tena kitandani. Anataka kumsomea mwanawe hitma kabla hajaondoka yeye. Kadhi keshasema, ukiridhia utakaa eda, mambo yaishe. Neno moja tu."

"Hitma husomewa maiti, Mjaka. Wewe umemzika wapi?"

Hitma bila ya ridhaa ya mke Mjaka hakuitaka, na mama yake pia hakuitaka. Walisema itakuwa kama kumzika mtu kwa wizi. Kwa hiyo bibi kizee alilala Mkokotoni akingoja neno la Wanu, na Wanu alilala ukumbini akingoja mlango.

Kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani, nacho kilikuwa filamu. Si kila filamu. Kulikuwa na moja ya kutisha kutoka Bombay, jina lake refu halikushika midomoni, watu wakaiita Ya Mlango. Mke amefiwa, anakaa peke yake katika jumba, na usiku kuna kinachobisha. Hukioni. Unaona kitasa tu, kinazunguka polepole. Hiyo Wanu aliitazama na Mabrouk, walipokuwa wachanga wa ndoa. Au tuseme hakuitazama, kwani aliufunika uso begani mwa mumewe, naye akamhadithia sikioni yote yaliyokuwa yakipita. Nusu ya filamu ile Wanu alikuwa nayo kwa sauti ya Mabrouk.

Ya pili ilipokuja, Mabrouk hayupo. Tulikwenda pamoja, onyesho la wanawake, na safari hii Wanu hakufunika uso. Kulikuwa na kivuli cha miguu miwili chini ya mlango, basi. Ukumbi mzima wa mabuibui ulishikana mikono. Jirani yetu Bi Sichana alitoka na kiatu kimoja, na kwa mwezi mzima hakushuka uani bila kusindikizwa. Iliishia pale mke anapokiwekea kitasa mkono.

Ya tatu tuliingoja mpaka mwaka 1971. Ubao wa nje ya sinema uliandikwa kuwa safari hii mlango utafunguliwa. Onyesho la wanawake liliangukia Jumamosi, na Mjaka alifika mapema, macho mekundu.

"Mama hali tena," alisema. "Ntakwenda kwake jioni hii. Nipe neno nimpelekee."

Wanu alikuwa akijifunga buibui. "Nikitoka sinema ntakujibu."

Mjaka alinigeukia mimi. "Mwalimu, mwenzio ana akili zake huyu?"

Nilijitia buibui langu nikamfuata Wanu. Njiani nilimshika Wanu mkono, ulikuwa baridi.

Tulikaa safu ya kati, Bi Sichana ubavuni na njugu zake. "Leo nimevaa makubadhi ya kamba," alisema. "Wakinitoa mbio hayatoki."

Taa zikazimwa. Mwanzo ulikuwa mzuri. Jumba lile lile, ngazi zile zile. Kitasa kikazunguka, na watu wakanyamaza hata njugu hazikusikika. Kucha za Wanu ziliniingia kiganjani. Nilikuwa naomba, sijui nikiomba nini, maana nilijua anakwenda kuulizia jambo ambalo sinema haina. Mke akavuta mlango.

Aliyesimama pale alikuwa mtu mnene aliyepakwa unga usoni. Kamera ikamsogelea, ikakaa naye. Masharubu yalikuwa ya gundi, upande mmoja umebanduka. Akafungua mdomo akaanza kuimba.

Bi Sichana akasema kwa sauti yake ya uani, "Jini huyu au mchoma mikate?" na kicheko kikaanzia nyuma kikatufikia. Wanawake walipiga makofi. Mmoja akamwomba mikate miwili ya ufuta. Pale mbele, mke wa filamu alimkumbatia yule mtu, akalia kwa furaha, akimwita mume wangu, mume wangu.

Wanu hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, na mwisho ulichelewa.

Tulirudi kwa vichochoro, Bi Sichana akilalamika njia nzima. "Miaka yote hiyo wanatutia hofu, kumbe ndani mna huyu. Bora wangeliuacha mlango wao umefungwa." Bi Sichana akaingia kwake. Hapo Wanu akasimama kando ya ukuta.

"Nlipokuwa natazama," alisema, "nlijaribu kumtia Mabrouk pale mlangoni. Nimtoe yule, nimweke wangu."

"Ikawaje?"

"Hakuja. Yule wa unga ndiye aliyebaki." Alijifuta kwa pembe ya buibui. "Sauti nnayo. Uso umeniondokea, shoga. Sijui tangu lini. Nnalala pale mlangoni namngoja mtu ambaye akiingia sitomjua."

Nilitaka kusema kwamba uso hurudi. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nikiutafuta wa Mabrouk wakati ule, na nilichokipata kilikuwa kofia yake tu.

Mjaka alikuwa bado barazani. Alisimama alipotuona, akatazama chini.

"Kamwambie mama asome," alisema Wanu. "Na umpitie kadhi. Nitakaa eda."

Mjaka alimwita dada, si shemeji, akaondoka upesi kuwahi gari la Mkokotoni, kama aliyeogopa kuitwa tena.

Tuliingia. Wanu alivua bangili zake akaziweka juu ya cherehani, kisha akaliendea komeo. Lilikuwa limevimba kwa miaka ya kuachwa na halikutaka kuingia mahali pake. Alilisukuma kwa bega, na nilipotaka kumsaidia akatikisa kichwa. Liliposhuka lilitoa mlio mkubwa, sote wawili tukashtuka.

Alibaki hapo, kiganja juu ya mbao, akisikiliza upande wa njiani. Nami nikasikiliza. Walipita watu wakizungumza, wakaishilia.

Nilipanda chumbani kwangu. Kile kiti nilikiondoa mlangoni, nikakirudisha pale dirishani kinapostahiki kuwa. Nilijilaza. Chini kulikuwa kimya, mlango haulii tena, na kwa kuwa haulii nilishindwa kulala. Nikaamka nikakirudisha kiti mlangoni.